Kilo ya Kizalendo

Nchi hiyo haiko mbali, ila msomaji asijisumbue kuitafuta kwenye ramani. Ni nchi kubwa yenye mito, madini, vyuo vikuu na watu wavumilivu kupita kiasi, na haihusiani hata chembe na nchi yoyote ambayo msomaji amewahi kuilipia kodi. Fedha yake iliitwa imara. Waasisi ndio walioipa jina hilo, wakiamini kwamba kitu kikishaitwa imara kitaona haya kuanguka.

Hakikuona haya. Mwaka ninaousimulia, imara ilianza kuteremka wakati wa masika, na kiangazi kilipofika ilikuwa inateremka bila kushika ukuta. Kila kilichotoka nje ya nchi kikapanda bei: mafuta, dawa, vipuri, ngano. Gavana wa Benki Kuu, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja ya kusomea takwimu na nyingine ya kutozisomea, aliwaita waandishi wa habari ili awatoe hofu wananchi.

“Imara haijaanguka,” alisema. “Imeinama kidogo, kama mtu anayefunga kamba za viatu.”

Mwandishi mmoja akauliza itainuka lini. Swali lake lilipokelewa, na yeye mwenyewe akapokelewa mahali fulani kwa wiki kadhaa. Alipotoka alikuwa anaandika habari za michezo.

Katika mji wa Kisimbi, mwendo wa kutwa kutoka makao makuu, aliishi mwokaji wa mikate jina lake Sikudhani Mwalwega. Alikuwa mjane wa makamo, mwili wa kutosha, sauti ya kutosha, asiyependa kuzungushwa. Tanuri lake lilikuwa nyuma ya soko, na alfajiri harufu yake iliamsha watu kabla ya redio ya taifa. Nyumbani alikuwa akimlea mjukuu wake Mbuke, mtoto wa miaka miwili, kwa kuwa mama yake mtoto alikuwa ng'ambo akifua nguo za watu na kulea watoto wa wenzake. Waziri wa Fedha, katika hotuba zake, aliwaita wanawake wa namna hiyo “mauzo yetu mapya ya nje”.

Shida ya Sikudhani ilianzia kwenye ahadi. Wakati wa kampeni, Rais wa nchi hiyo, ambaye cheo chake rasmi kilikuwa Baba wa Uthabiti, alitamka jukwaani kwamba katika utawala wake bei ya mkate haitapanda hata senti moja. Watu wakashangilia, na kelele za shangwe zikageuzwa kuwa sheria. Ngano ikapanda, hamira ikapanda, kuni zikapanda ingawa hazikutoka ng'ambo, zikapanda kwa kuiga. Mkate peke yake ukakatazwa.

Sikudhani akafanya walichofanya waokaji wote wa nchi: akaacha bei ilivyo, akapunguza mkate. Haikuchukua muda mkaguzi akaingia dukani na mizani mkononi.

“Mama, mkate huu umepungua,” akasema.

“Hata mimi nimepungua,” akajibu Sikudhani. “Hebu nitazame.”

“Kupungua kwako si kosa la jinai.”

Akamtoza faini. Baada ya wiki akarudi, akamtoza nyingine. Sikudhani akaurudisha mkate kwenye ukubwa wake wa zamani, akawa kila akiuza mikate mingi ndivyo anavyozidi kuzama. Ikafika mahali akawa anaomba mvua inyeshe ili wateja wasije. Akaanza kusema na watu wa chuma chakavu kuhusu bei ya tanuri.

*

Wakati huohuo nchi ilikuwa na wageni. Walikuwa Wakopeshaji, watu wa heshima waliokuja na mabegi yenye magurudumu na kufikia hoteli isiyokatika umeme, na kwa sababu hiyo waliipenda sana hali ya umeme ya nchi. Wakamwambia Waziri wa Fedha kwamba mkopo upo, ila sharti mfumuko wa bei ushuke. Wakampa mwezi mmoja.

Waziri huyo aliitwa Mheshimiwa Daktari Pelaji Kasongamila. Alikuwa na shahada tatu za uchumi kutoka nchi tatu ambazo uchumi wake haukuwahi kumhitaji. Alijifungia ofisini na washauri wake, wakanywa chai, wakala korosho, wakatafuta. Riba ilikuwa imeshapandishwa mpaka ikawa haionekani. Akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imeshatumika kununua magari ya kamati ya kulinda akiba ya fedha za kigeni. Siku ya mwisho, Mheshimiwa akapata ufunuo, na jioni yake akalihutubia taifa.

Sikudhani alimsikiliza akiwa amekaa juu ya gunia lake la mwisho la ngano, Mbuke mapajani.

“Ndugu wananchi,” alisema Waziri, “kwa muda mrefu tumeilaumu fedha yetu. Tumeisema, tumeidhalilisha, tumeichungulia kila asubuhi kama mgonjwa. Lakini nawauliza, hivi tumewahi kuiuliza kilo? Kilo ililetwa hapa na wakoloni. Hakuna mwananchi aliyeshirikishwa. Ni kilo nzito, yenye kiburi, iliyotengenezwa kwa ajili ya nchi tajiri. Sisi tunaibeba ya nini?”

Akatangaza kwamba tangu Jumatatu kungekuwa na Kilo ya Kizalendo, ambayo ni robo tatu tu ya ile ya kigeni. Mizani yote ya zamani isalimishwe polisi. Atakayekutwa akipima kwa kilo ya kigeni, hata ndani ya nyumba yake, hata kwa kukisia, atashtakiwa kwa uhujumu wa uzani.

Matokeo yalikuwa ya ajabu. Nchi iliamka Jumatatu ikiwa na mavuno makubwa kuliko mwaka wowote katika historia yake. Uzalishaji wa pamba, kahawa na dhahabu ulipanda usiku mmoja bila jembe kuinuliwa. Mkate wa kilo uliendelea kuuzwa kwa bei ileile, ambayo Wakopeshaji waliithibitisha kwa macho yao kabla ya kwenda uwanja wa ndege. Mfumuko wa bei ulipotafutwa haukuonekana.

Na Sikudhani, tusimsingizie, alifurahi. Mkate uliomletea faini mwezi uliopita sasa ulikuwa mkate halali, tena wenye muhuri wa serikali. Watu wa chuma chakavu akawafukuza. Wateja walikuja wakiwa na maneno, naye akawajibu.

“Bibi Mbuke, hii ni kilo?” aliuliza fundi baiskeli mmoja.

“Kilo kamili.”

“Mbona naishika kwa vidole viwili?”

“Umepata nguvu, baba. Mshukuru Waziri.”

Wakacheka wote, kwa maana bado ilikuwa inachekesha.

Haukupita muda mrefu, wakaja watu kutoka makao makuu kumtafuta mwokaji wa mfano. Wakaona tanuri safi na mama mwenye sauti, wakaona hapa pamefaa. Wakamvisha kitenge chenye picha ya kilo, wakamsimamisha mbele ya kamera, wakamwambia aseme neno. Sikudhani hakuwa mtu wa kubabaika.

“Kilo mpya imenifufua,” alisema. “Ni nyepesi, inabebeka, na haijamdhuru mtu yeyote.”

Akapewa nishani ya Mwokaji wa Taifa, na kibali cha kununua ngano ya serikali, kitu ambacho hata matajiri walikuwa wakikitafuta kwa magoti. Maneno yake yakarushwa kila jioni kabla ya taarifa ya habari, baina ya wimbo wa taifa na tangazo la sabuni.

*

Mbuke alikuwa mtoto mgonjwa. Surua ilikuwa imempitia mwaka uliotangulia, ikamwachia kuharisha kusikokatika, na kuharisha kukamla mwili. Tumbo lake lilikataa mkate, likakataa maziwa, likakataa uji wa kawaida. Kitu kimoja tu kilikaa: unga wa lishe wa hospitali, ulioletwa kutoka ng'ambo, ambao haukuuzwa dukani. Kliniki waliugawa kwa watoto ambao uzito wao uliangukia kwenye sehemu nyekundu ya chati. Mbuke alikuwa kwenye nyekundu, na kwa uji huo alikuwa ameanza kukaa mwenyewe na kumvuta bibi yake hereni.

Jumatatu moja Sikudhani akampeleka kliniki kama kawaida. Mlangoni alikuta bango jipya: KISIMBI BILA UTAPIAMLO. Ndani alikuwapo Sista Felisiana, muuguzi aliyekuwa akimhudumia mtoto tangu mwanzo, amekaa mbele ya mizani mpya inayong'aa. Akampima Mbuke, akasema bila kuinua macho:

“Bibi Mbuke, hongera. Mtoto amepona.”

“Amepona lini?”

“Ijumaa. Mizani ililetwa Ijumaa.”

Sikudhani akamtazama mtoto begani mwake. Shingo ilikuwa ileile kama kijiti, na miguu ileile ikining'inia.

“Sista, mtazame.”

“Nimemtazama.”

“Basi macho yako yanakwambiaje?”

“Macho yangu hayana muhuri wa wizara.” Sista akainuka akafunga mlango, akasema kwa sauti ya chini. “Bibi, nisikilize. Watoto wote wa chati nyekundu wamehamia kijani. Wote, siku moja. Mkoa umepongezwa. Unga uliokuwa hapa umerudishwa makao makuu kwa sababu hauna mtu wa kuula. Nikikupa hata kijiko nitaulizwa nilikitoa wapi, na nikisema mtoto ana njaa nitaulizwa nimetumia mizani gani.”

“Kwa hiyo nimrudishe nyumbani nikamwambie amepona.”

Nje, akina mama wengine walikuwa wamekaa kwenye benchi wakiwa na watoto wao waliopona, na hakuna hata mmoja kati ya watoto hao aliyekuwa analia. Hawakuwa na nguvu za kulia.

Sikudhani hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja ofisi ya Mkurugenzi wa Mizani wa Wilaya, Bwana Gervasi Ntandu, kijana nadhifu aliyekuwa amepanda cheo kwa kuwa wa kwanza kusalimisha mizani ya mama yake mzazi.

“Shikamoo mama yangu,” alisema Ntandu akisimama. “Mwokaji wa Taifa ofisini kwangu. Leo nimebarikiwa.”

“Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya huyu mtoto. Wamemnyima unga.”

Ntandu akasikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa masikitiko.

“Mama yangu, mtoto hana tatizo la uzito. Kama ana tatizo, basi ni tatizo la mtazamo. Kisheria huyu ana afya kuliko mimi nilipokuwa na umri wake.”

“Mshike basi, umbebe.”

“Sina mamlaka ya kubeba. Kubeba ni aina ya kupima.” Akaketi, akatabasamu. “Halafu, mama, wewe mwenyewe umetufundisha nchi nzima. Kila jioni nakusikia. ‘Haijamdhuru mtu yeyote.’ Mke wangu anapenda sana unavyolitamka.”

Sikudhani alitaka kujibu, lakini jibu lilikuwa limeshavaa kitenge na kusimama mbele ya kamera. Akatoka. Njiani alipita karibu na duka la redio na kuisikia sauti yake mwenyewe ikitoka ndani, akazidisha mwendo.

Siku zilizofuata alihangaika. Alipanga foleni kwa Mganga Mkuu, akaambiwa suala la uzito limehamishiwa Fedha. Akaenda Fedha, akaambiwa suala la watoto liko Afya. Akamtafuta mbunge, akaambiwa yuko kwenye ziara ya mafunzo ng'ambo, anajifunza jinsi nchi nyingine zinavyopunguza ziara. Akajaribu uji wa mtama, wa ndizi, wa viazi, akasaga karanga mpaka zikawa laini kama poda. Mbuke alikula vijiko viwili kwa ajili ya kumridhisha, kisha akavitapika. Mtoto aliacha kukaa. Aliacha kuvuta hereni. Asubuhi Sikudhani alikuwa akisimama mbele ya tanuri, mikono kwenye unga mpaka viwiko, akiukanda ule mkate wa kizalendo kwa nguvu ambazo mkate wenyewe haukuzihitaji.

*

Msaada ulitoka pasipotarajiwa: kwenye mwili wa Baba wa Uthabiti.

Rais alikwenda kupima afya yake ya mwaka, akapanda kwenye mizani, na daktari wake akabadilika rangi. Uzito wa Mkuu wa Nchi ulikuwa umeongezeka kwa theluthi nzima. Daktari, ambaye alikuwa mtu wa kufuata kitabu, akamkataza nyama, wali, chumvi na karamu za kitaifa. Rais alivumilia mpaka siku ya pili saa sita mchana, kisha akamwita Waziri Kasongamila.

“Pelaji,” alisema, “ni nani kaniongezea huu uzito?”

Inasemekana Waziri alitoka ikulu akiwa amepungua kwa kilo yoyote utakayochagua. Wiki hiyohiyo Bunge likaitishwa, likapitisha kwa vifijo Sheria ya Kilo ya Heshima. Hii ilikuwa kilo ya pili, nzito kuliko ile ya kigeni, kwa ajili ya viongozi peke yao. Juu ya mizani hiyo waheshimiwa wote waligeuka wembamba kama vijana wa mbio ndefu, na daktari wa Rais akarudisha nyama.

Sikudhani aliisikia habari hiyo akiwa anamfuta Mbuke uso. Akasimama na kitambaa mkononi. Kesho yake mapema alikuwa kwa Ntandu.

“Baba wa Uthabiti amesema mara ngapi kwamba watoto ni viongozi wa kesho?” akauliza.

“Mara nyingi, mama. Ni msimamo wa serikali.”

“Basi mpimeni huyu kwa mizani ya viongozi.”

Ntandu akafikiri kwa muda mrefu, na lazima tukiri kwamba alifikiri kwa nia njema.

“Hoja ni nzuri,” alisema mwishowe. “Mtoto ni kiongozi wa kesho. Basi mlete kesho.”

Akamleta kesho. Ntandu akamweleza kwa upole kwamba leo ni leo, na mtoto bado ni kiongozi wa kesho, kwa hiyo ajaribu kesho. Mara ya tatu Sikudhani hakuja na hoja. Aliinama juu ya meza mpaka Ntandu akasogeza kiti nyuma.

“Kijana,” akasema, “huyu akifa, nitakuletea wewe umpime.”

Akaondoka. Alipofika barazani akakaa kwenye ngazi za ofisi ya serikali akamkumbatia mtoto, na machozi yakamtoka kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Watu walipita. Mmoja wao alimtambua, akamkariria yale maneno yake ya kila jioni.

*

Mwisho wa mwezi, Waziri Kasongamila alikuja Kisimbi kuizindua Kilo ya Heshima kimkoa. Ukumbi wa halmashauri ulipambwa. Mizani ya viongozi iliwekwa jukwaani juu ya zulia, na kamera za televisheni zikapangwa ili taifa lishuhudie moja kwa moja wembamba wa viongozi wake. Mwokaji wa Taifa alialikwa, kama ilivyo desturi, alete keki na kutoa maneno machache.

Alikuja na keki. Mgongoni alikuwa amembeba Mbuke, na kwa kuwa alivaa kile kitenge chenye picha ya kilo, walinzi walimfungulia njia.

Viongozi wakapimwa mmoja baada ya mwingine. Mkuu wa Mkoa, ambaye viti viwili vilikuwa vimeshakataa kumbeba, alitangazwa kuwa na uzito wa bondia chipukizi. Watu wakapiga makofi. Kisha mshereheshaji akamkaribisha mama yetu mpendwa, naye Sikudhani akapanda jukwaani, akamteremsha mtoto mgongoni, akamshika mbele yake ambapo kamera zote zingemwona.

“Mheshimiwa Waziri,” alisema, “mimi sina hotuba. Nina swali. Baba wa Uthabiti, kwenye salamu za mwaka mpya, alisema watoto wa nchi hii ni viongozi. Naomba unijibu mbele ya wananchi. Alisema kweli au alisema uongo?”

Ntandu, aliyekuwa amekaa safu ya pili, akaanza kutafuta kitu chini ya kiti chake.

“Mama,” alisema Waziri, akitabasamu upande wa kamera tu, “Baba wa Uthabiti hasemi uongo.”

“Kwa hiyo huyu ni kiongozi.”

“Kwa maana pana, naam.”

“Mpime basi.”

Kamera hazikuhama. Waziri akatazama mlango, akatazama kamera, akakumbuka kwamba ikulu kulikuwa na televisheni. Akampokea mtoto. Na hapo, wale waliokuwa karibu wanasema, uso wake ulibadilika kidogo, kwa sababu mikono yake ilitarajia kubeba mtoto na ikajikuta haina kazi. Kwa sekunde chache Daktari Kasongamila, mwenye shahada tatu, alisimama na kile kilichobaki cha Mbuke mikononi.

Kisha akamweka kwenye mizani. Mshale ukatikisika, ukarudi mahali pake.

“Mizani mbovu,” alinong'ona Mkuu wa Mkoa.

“Ndiyo iliyokupima wewe,” alijibu Sikudhani, na kipaza sauti kilikuwa wazi.

*

Msomaji atafikiri kwamba hapo serikali iliona haya. Serikali ilishtuka, jambo ambalo ni tofauti. Kwa mujibu wa takwimu rasmi, nchi haikuwa na utapiamlo hata kidogo isipokuwa kwa kiongozi mmoja. Kamati ikaundwa. Ikachunguza wiki nzima na kugundua hatari kubwa: ugonjwa umeingia katika uongozi, na hakuna ajuaye utaishia kwa nani. Viongozi wakapimwa upya nchi nzima kwa Kilo ya Heshima, na wengi wao, maana mizani ile ilitengenezwa kumpunguza mtu, wakakutwa wamedhoofu vibaya.

Fedha za kigeni, ambazo hazikupatikana kwa ajili ya ngano wala dawa, zikapatikana mchana mmoja. Meli ikaleta unga wa lishe. Mawaziri walipewa magunia kumi kila mmoja, wabunge matano, wakuu wa mikoa matatu na posho ya kukorogea. Waziri wa Afya alionekana kwenye televisheni akinywa uji kwa ujasiri, akiwaomba wananchi wawaombee viongozi wao. Wakopeshaji waliisifu nchi kwa kuwajali walio dhaifu, wakaongeza mkopo.

Sikudhani naye hakusahaulika. Nishani ilichukuliwa, na kibali cha ngano kikafutwa, kwa maelezo kwamba mkate wake ulikuwa umeanza kuwa na maneno. Kufikia wiki iliyofuata tanuri lilikuwa baridi, na wasaidizi wake wawili wamekwenda kutafuta kibarua kwingine. Alikaa dukani mlango wazi bila kitu cha kuuza, Mbuke amelala kwenye kanga juu ya meza ya kukandia, akipumua kwa haraka kama ndege aliyeshikwa.

Hapo ndipo king'ora kiliposikika. Gari la serikali likasimama mbele ya duka, pikipiki mbele na nyuma. Akashuka koplo mmoja wa makamo aitwaye Sembuli, akapiga saluti.

“Hapa ndipo kwa Mheshimiwa Mbuke?”

“Ndipo,” akasema Sikudhani.

Wakateremsha gunia moja la unga wa lishe, stahili ya kiongozi wa ngazi ya chini kabisa. Msafara ukaondoka na king'ora chake. Koplo Sembuli akabaki, kwa kuwa mali ya kiongozi hailali bila ulinzi.

Sikudhani hakumngoja amalize kueleza. Alikwishawasha jiko. Akakoroga uji, akaupoza, akampakata mtoto, akampa kijiko. Mbuke aliushika uji mdomoni kama anayejaribu kukumbuka. Akameza. Bibi yake akangoja, mkono ukiwa tayari na kitambaa. Haukurudi. Akampa cha pili, na cha tatu, na kikombe kilipofika nusu mtoto akasinzia, mdomo ukiwa na uji pembeni.

Alipoinua kichwa aliwaona mlangoni. King'ora kilikuwa kimewaita. Walikuwa wale akina mama wa benchi la kliniki, na watoto wao waliopona migongoni, na Sista Felisiana nyuma yao akiwa bado na sare. Hawakuomba kitu. Waliangalia gunia.

Sikudhani alisimama akalikata gunia kamba.

“Mama,” alisema Koplo Sembuli, “unga huu ni wa kiongozi. Kumpa asiye kiongozi ni matumizi mabaya ya madaraka. Mtoto ndiye atakayeshtakiwa.”

“Mshtaki.”

“Tena siruhusiwi kukuacha umpimie raia hata gramu moja, iwe ya kizalendo, iwe ya heshima, iwe ile ya zamani.”

“Sipimi,” akasema Sikudhani. Akanawa mikono mpaka viwikoni, akaifuta kwa kanga safi, akaiingiza miwili ndani ya gunia na kuitoa imejaa. Mama wa kwanza akatandaza upande wa kanga yake. Akammiminia, akarudi kuchota tena.

Koplo akafungua mfuko wa shati, akatoa kile kijitabu cha sheria ya uzani walichogawiwa askari wote, akakipekua mbele, akakipekua nyuma. Kilikuwa na mizani, vibaba, debe, pishi, hata kukisia kwa macho. Foleni ilikuwa imefika barabarani. Mwishowe akakifunga, akaegemeza bunduki ukutani, akamshikia Sikudhani mdomo wa gunia.

Mpaka leo Bunge la nchi hiyo halijakaa kujadili mikono.